Kuiva

Saa mbili asubuhi, kituo cha afya, Bahi.
Vikopo arobaini na viwili mezani, vyote vya darasa la nne.
Cha Chilongani ndicho chekundu.
Anasema ni juisi ya rozela. Mama yake anatazama ukuta.

Naweka tone chini ya hadubini:
yai, na mwiba wake mmoja nchani,
kama punje ya mpunga iliyokataa kukobolewa.

Ndani ya yai hili mna ghala zima.
Kila kitakachohitajika kimo tangu siku ya kwanza;
kinachobadilika ni kinachochotwa.
Ndani ya konokono huchota kuongezeka, mmoja akawa maelfu.
Majarubani huchota mkia wenye panda, aogelee.
Akigusa mguu wa mtoto anayeng'oa magugu
mkia anaukata, anautupa,
mlango ule anaufunga asiurudie tena,
anafungua wa vimeng'enya, vya kuyeyusha ngozi;
na akifika damuni anachota joho
ambalo askari wa mwili hulipigia saluti.
Ghala lilelile. Hakuna punje iliyoongezwa.

La jike ndilo lililoninyima usingizi chuoni, Dodoma.
Jike asiposhikwa na dume hubaki mwembamba, mchanga,
jeni zake za mayai zimezimwa,
hata akiishi miaka.
Dume humlaza katika mfereji wa kifua chake,
ndipo zinawaka.

Nikamsimulia shangazi Nyamwanzi. Kosa langu.
Alipiga makofi, uwele ukamwagika ungoni:
"Unaona? Hata mdudu!
Nawe Sechelela, arobaini na moja hiyo."

Shangazi, mie si kichocho.
Yangu yaliwaka yenyewe, usiku wa jenereta,
nilipouona mwiba huu mara ya kwanza
na mkono ukaacha kutetemeka.
Sikumwambia. Niliokota uwele.

Namsimamisha Chilongani kwenye fimbo ya dozi:
vidonge viwili na nusu.
Namweleza wanakaa wawili wawili,
wamekumbatiana kwenye mishipa ya kibofu chako.
Anafikiri kidogo.
"Watakufa wameshikana?"

Sijui, namwambia. Meza.

Mama anauliza kama leo anaweza kurudi shamba,
maana magugu hayajaisha.
Kabla sijajibu, ameshainama
anamkunja mtoto suruali, hadi magotini.