Dohani

Nimeigawa Karpati viraba elfu tisa,
kila kimoja kilomita kwa kilomita,
nikavipa alama kama mwalimu mwenye haraka:
msitu mnene, jumlisha;
mteremko mkali, jumlisha kidogo;
barabara, toa; taa za mji, toa tena.
Kompyuta ikakokotoa usiku kucha, feni ikikoroma,
asubuhi ikanitemea rangi:
kijani anapoweza kuishi dubu,
njano anapoweza kupita tu,
nyekundu asipokuwa na shughuli.

Wizarani wakaipenda. Wakaitundika ukutani
kati ya kalenda na picha ya daraja.

Ila ramani ni kitanda nisichokilalia.
Mwezi wa tisa nikaipandisha bonde la Surda
kwa Paraschiva, afugaye kondoo mia na sitini
na mbwa sita wasiojua salamu.
Akaitandaza juu ya meza ya jibini, ikalowa pembeni.
"Hapa umepaka nyekundu," akasema, kidole kinanata maziwa.
"Hapa ndipo alipozalia. Watoto wawili.
Juzi wamenivunjia mizinga mitatu.
Haya, nenda kawaambie kwamba hawapo."

Nikamweleza: ni mita mia sita tu kutoka kijijini,
kuna nyumba thelathini na nne, kuna lami.
"Nyumba?" akasema. "Wewe umehesabu mapaa."

Tukashuka. Milango imefungwa kwa waya.
Miplamu imeachwa ijizalie,
tunda juu ya tunda, nyigu wamelewa,
na kinyesi cha dubu, cheusi, kimejaa kokwa,
kimewekwa kwenye kizingiti cha shule
mithili ya barua.
Wenyewe wako Torino, wanapiga deki sakafu za watu;
wako Zaragoza, wanachuma matunda ya wengine.
Katika data zangu zote
hakuna safu iitwayo kuondoka.

Nikakaa siku kumi na nne.
Kila alfajiri nilipanda na darubini na daftari
kuhesabu dohani: zinazofuka, zisizofuka.
Kazi ya kitoto. Paraschiva alinicheka,
kisha siku ya tano akaanza kunisahihisha:
"Ile ifute. Inafuka Krismasi tu."

Na kulikuwa na linksi jike, kola namba saba.
Usiku kumi na moja alifuata ukingo wa shimo
wanapochimba barabara kuu,
akienda, akirudi, nukta juu ya nukta kwenye kioo changu,
hata mstari ukanenepa, ukawa kovu.
Wizara itamjengea ushoroba: daraja la nyasi,
upana mita arobaini, kilomita sita kusini,
ambako ardhi ni rahisi.
Niliandika: si hapo.
Nikaandika tena, kwa adabu zaidi.
Wakajibu kwamba wamepokea.
Usiku wa kumi na mbili aligeuka, akarudi alikotoka.
Ni akili au ni kukata tamaa?
Kola haipimi hilo.

Kielelezo kipya kimekamilika jana.
Kinakisia vizuri kuliko cha kwanza; hata ile mizinga
sasa imo ndani ya rangi yake.
Kijani kimeteremka mabondeni, kimeingia vijijini
nyumba baada ya nyumba, bila kubisha hodi,
na ningepaswa kufurahi:
nimelisomea hili,
nimeliombea fedha hili.

Kisha nikatafuta, bila sababu yoyote ya kitaalamu,
kiraba cha elfu nne mia moja na tatu.
Pana ngazi saba pale, ya tatu ina ufa,
na nyuma ya mlango pana msumari
ambao mama alitundikia koti
kabla sijamleta kuishi nami mjini.
Alama: tisini na saba kwa mia.
Kijani kilichokolea kuliko vyote.

"Umeona nini?" mama akauliza kutoka jikoni.
Nikasema, "Nyumbani panafaa."
Maji yakaendelea kutiririka kwenye sinki, akayafunga.
"Na plamu," akasema, "mwaka huu nani anachuma?"