Dole Gumba Mizanini

Waingereza wasema
mtu akikosa wema:
"Dole gumba laegema
pale juu ya mizani."

Maana yake ni wizi
usiohitaji ngazi
wala giza, wala kazi,
wafanyika hadharani.

Nani alianza neno?
Kila mtu na maono.
Nina kisa cha mfano
nilichobuni nyumbani.

Lankasha, miji ya nyuzi,
mitambo hainyamazi,
masizi kwenye masizi
hadi chai kikombeni.

Amosi, muuza nyama,
kanisani husimama
zaburi zote kusoma
bila kitabu machoni.

Ila nyuma ya kaunta,
huku mikono mafuta,
kwa porojo hukuvuta
za mbwa wake na jirani.

Nawe ukiitikia,
dole lake linatua,
kama paka kasinzia,
ukingoni mwa sahani.

Huzidi wakia moja,
si kubwa hata kutaja,
lakini kila mteja
huinunua hewani.

Wakia kumi na sita,
ratili anaipata;
na mwaka unapopita
ana ng'ombe wa kubuni.

Palikuwa na mjane,
Tirza, mama wa wanane,
kazi yake ni aone
nyuzi mbovu mitamboni.

Macho ya kuona uzi
yataona dole wazi;
akanyamaza miezi
akihesabu moyoni.

Nyumbani akiipima
kwa mizani isosema,
hugundua kwamba nyama
imepungua njiani.

Siku moja ya baridi,
foleni imeshazidi,
Tirza kaja kwa kusudi
na kikapu mkononi.

"Nipimie," alisema,
"nusu ratili ya nyama."
Dole nalo likazama,
mshale ukenda chini.

"Sawa, ifunge haraka,
na dole ninalitaka;
nalilipia miaka,
sijaliona chunguni!"

Kimya. Halafu kicheko
kikaenda huku, huko;
Amosi akawa joko
jekundu hadi shingoni.

"Jina lako la nabii,
mbona neno hulitii?
Yeye kalaani hii
hila yako ya mizani."

Akalipa, akatoka.
Neno nalo likaruka
kiwandani, likavuka
mpaka, hadi Londoni.

Tangu hapo, akipima,
mikono huweka nyuma,
kama mtoto mchuma
tufaha za kanisani.

"Bwana Dole" wakamwita,
watoto wakimpita
dole juu, kumteta,
hadi kufa, uzeeni.

Leo dole limekua:
refa aliyechukua
bahasha, na kuamua
goli halikuwa ndani;

bosi kwenye usaili
aulizaye maswali
ambayo mpwawe awali
kayasoma kitandani;

wote wana dole hilo
lisilo damu, lisilo
alama; lakini ndilo
lilalalo sahanini.

Nami nitubu, niseme:
silabi nane nipime,
ndiyo sheria, nikome,
nisizidi asilani.

Kwetu mizani ni mbili,
ya nyama na ya kauli,
zote zataka adili:
dole libaki mfukoni.

Hesabu huo mstari:
tisa, na nilisubiri
upite bila habari,
ukiwaza ya jirani.