Kosa la Dakika ya Arobaini na Moja

Kibanda umiza cha Pazi, Mburahati, ubavuni mwa mashine ya kusaga:
kiingilio mia tatu, mwenye deni akae chini.
Feni ni moja, inageuza shingo taratibu
kama iliyosikia jina lake gizani.

Picha ikiisha hatuondoki. Kesi ndiyo inaanza.

Kibwana fundi viatu ni wakili wa za kale,
zile zisizo na rangi, zenye mikwaruzo
hata utadhani mvua inanyesha ndani ya sebule.
"Zimwi la zamani lilikuwa na adabu," anasema.
"Lilipanda ngazi. Ukasikia kiatu. Kimya. Kiatu kingine.
Nami viatu navijua: kile soli yake ilikuwa ngozi tupu.
La siku hizi linakurukia hujakaa, hujavua kandambili."

Chande wa duka la simu anataka damu ya kompyuta.
Siwatu, anayeosha maiti wa kike mtaa mzima,
hutafuna karanga pale wanaume wanapofumba macho.
"Maiti hanyooshi mikono mbele," anatufundisha.
"Maiti ni mzito. Basi. Hana neno na mtu."

Lakini sote tunarudi kwenye ile ya kwetu, ya pagale,
iliyopigwa siku nne kwa kamera ya harusi.
Radi ni bati, na mkono unaolitikisa unaonekana.
Damu ni rozela; nzi wameijua kabla ya shetani.
Kati ya laana na kifo, muuza kahawa anagonga vikombe vyake.
Jini kapakwa unga wa mashine hii hii,
kavaa saa. "Anawahi wapi?" huuliza Chande,
nasi tunacheka kama hajawahi kuuliza.

Dakika ya arobaini na moja
jini anamkaba binti koo,
na nyuma yao, dirishani, mwanamke mwenye ndoo kichwani
anasimama, anatutazama sisi,
anasema, "Jamani, samahani," anapita.
Maji yanamwagika kidogo begani.

Hawakuwa na pesa ya kurudia.
Kibanda kizima husema naye: "Jamani, samahani!"
Imekuwa salamu yetu. Ukimkanyaga mtu
unaisema kwa sauti yake, ukiivuta ile "ha" ya katikati.

Sijawahi kuwaambia kwamba ni mama.
Uani kwetu walipapanga kwa elfu ishirini,
wakaleta kumi na sahani ya pilau.
Picha yake niliyobaki nayo ni ya kitambulisho,
amekaza uso kama anayedaiwa.
Hatembei popote pengine.
Siwatu anajua; ndiye aliyemwosha.
Ikifika dakika ya arobaini hunipa karanga, hasemi kitu.

Ijumaa iliyopita Pazi akaja na nakala mpya.
Imesafishwa, anasema, imeng'arishwa, makosa yamekatwa.
Chande akapiga makofi. Kibwana akaguna.
Mkono kwenye bati haupo. Saa ya jini imefutwa.
Binti akakabwa koo.
Dirisha

tupu.

Watu thelathini walikwisha fungua midomo.
"Jamani," wakasema wachache,
kisha hawakujua neno lililobaki walipeleke wapi.
Miaka kumi na miwili naicheka mizuka.
Hapo ndipo nikaogopa.

Feni ikageuka upande wetu.
Siwatu akasimama, maganda yakamdondoka mapajani.
"Pazi, weka ile chafu."
"Basi kiingilio ni upya."
"Weka."

Kibwana akatoa mia tatu. Chande naye,
akinung'unika kuhusu saa.
Mimi nilikuwa na mia tano.
Sikudai chenji.