Cheche Iliyowahi

Zima kwanza, Eleuterio. Maneno baadaye.
Umeteremka kutoka El Alto usiku kucha,
viazi mgongoni, ukungu kwenye kioo,
na sasa waniambia injini inakufa.
Kila dereva anayefika hapa Caranavi
huniletea maiti inayopumua.

Haya, washa.
Naegemeza mwiko wa jikoni kwenye bloku,
mpini sikioni. Ndiyo, mwiko. Cheka tu.
Chini kabisa, kwenye beringi, shwari.
Kungekuwa na kishindo kizito, gu, gu, gu,
kama jirani anayebomoa ukuta,
ningekwambia uza viazi, uza na gari.
Lakini oili imefika kwenye alama
na mwiko hauna la kusema.

Twende kile kilima cha kanisa. Naendesha mimi.
Gia ya tatu, nakanyaga.
Hapo! Umesikia?
Ki-ki-ki-ki,
sarafu kwenye kopo la mwombaji.
Nikiinua mguu, ananyamaza.
Nikikandamiza, anarudi kudai.

Nani aliyegusa distributa?
Kaka yako. Huko juu.
Nilijua.
Kule hewa ni nyepesi, moto ni mvivu,
basi fundi huiamsha cheche mapema
kama mama aamshaye watoto wa shule gizani.
Huku hewa ni nzito, yajaa silinda pomoni.
Moto unawahi, unapamba, unalipuka
pistoni ikiwa bado inapanda,
inapigwa utosini kabla haijafika.
Na hiyo petroli ya mapipa ya njiani
imetia chumvi kwenye kidonda.

Lete spana ya kumi na mbili.
Nalegeza. Nazungusha, nafuata rota,
upana wa ukucha, basi.
Mwenda pole hajikwai; cheche vilevile.

Mimi nilishuka huku na miaka kumi na tisa.
Mwezi mzima damu ilinigonga masikioni usiku,
nikadhani nimelogwa.
Mwenye nyumba alinicheka:
umezoea kuvuta hewa kwa pupa, binti. Punguza.
Hakuwa na spana.
Ilinichukua mvua mbili.

Kilimani tena. Gia ya tatu. Kanyaga wewe.
Kanyaga, nimesema!
…
Sikia matairi.
Sikia kuku wa padre.

Nimechora alama mbili kwa rangi ya kucha,
ya chini ni ya huku, ya juu ni ya kwenu.
Ukirudi na machungwa, baridi ikianza kuuma,
gari likizubaa, legeza, rudisha.
Bolti usiikaze kwa hasira.
Na kaka yako mwambie alikuwa sahihi
pale aliposimama.

Pesa weka.
Nipe nusu gunia la viazi,
vile vyeusi, vidogo, vya kwetu.
Huku haviti mizizi.
Nimejaribu.