Mapazia ya Verna

Tulifika Ijumaa pamoja na mvua ya Novemba,
wanawake watano, vyerehani sita
(Odette haamini mashine moja, wala mume mmoja,
husema mwenyewe, akacheka kabla yetu).
Nyumba ya kukodi, ya mbao, rangi ya majivu,
pwani ya Nova Skotia, wageni wa kiangazi walishaondoka.
Mwenye nyumba katuachia ufunguo chini ya gamba la chaza
na karatasi mlangoni: Msiwashe pasi mbili kwa pamoja.

Tuliwasha tatu.

Gizani Bernice akapapasa ukuta akitafuta fyuzi,
akitukana kwa upole kama mtu anayesali,
nasi tukakaa na vitambaa mapajani
tukiisikiliza bahari ikikokota kokoto,
ikizirudisha, ikizikokota tena,
mshonaji asiyeridhika na mshono wake.

Umeme uliporudi Verna alifungua mfuko.
Sisi tulikuwa na pamba mpya, zenye harufu ya duka.
Yeye alitoa mapazia.
Manane, yenye maua ya manjano,
ya nyumba aliyoiuza Agosti
baada ya miaka thelathini na minane
kwa vijana wawili wenye mbwa
ambao mapazia hawakuyataka.

"Nitayakata niyafanye mfarishi," akasema.

Hakukata.
Jumamosi kutwa alipiga pasi pazia lilelile,
na pasi yenyewe (tuligundua jioni) haikuchomekwa.
Sisi tulipima, tulikata, tulifumua.
Nyota yangu moja niliifumua mara tatu,
pembe zake zinakataa kukutana
kama ndugu waliogombea urithi.
Murdena alimwagia supu ya samaki bluu yake nzuri,
akasema basi, na iwe bahari.
Mume wa Odette alipiga simu kuuliza kopo la kahawa liko wapi.
Liko palepale tangu mwaka tisini na nne.

Hatukumwuliza Verna kitu.
Ila Bernice alimwekea mkasi wake karibu na mkono,
ule mzuri, ambao hata karatasi haujawahi kuonja,
akaenda zake kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Saa tisa usiku nikaamshwa na sauti.
Nikadhani panya. Nikadhani mvua imeota meno.
Krrr. Kimya. Krrr.
Sikushuka. Nilihesabu
kama mtoto anavyohesabu kati ya umeme na radi,
nikafika arobaini na kitu, usingizi ukanikatiza.

Asubuhi meza yote imejaa miraba,
na mgongoni mwa miraba hiyo tukaona
jambo ambalo pazia zima lilituficha:
michirizi. Palipokunjamana, jua halikufika,
njano ni ile ya siku ya kwanza;
palipochomoza kuelekea kioo, pamekuwa maziwa.
Asubuhi zake zote zilikuwa pale, mkunjo kwa mkunjo.

"Shonea upande wa maua," Murdena akasema,
"huku rangi bado ipo."
Verna akaugeuza mraba, akautazama,
akaugeuza tena, mgongo juu.
"Huu ndio ulikuwa ukitazama barabara," akasema.
"Wanangu wakitoka shule
huu ndio waliouona kwanza."

Odette, ambaye hakuna neno linalomshinda,
alikwenda kutafuta uzi mweupe.

Hadi Jumapili mchana miraba kumi na miwili tu ilikuwa imeungwa,
mmoja kichwa chini. Tulimwonyesha.
Alisema ameuona tangu saa nne.

Tulifagia nyuzi, tulirudisha ufunguo ndani ya chaza.
Bernice alibaki nyuma, kofia kichwani, gari linanguruma,
akaandika chini ya ile karatasi ya mlangoni:
Pasi tatu zinawezekana,
mradi mojawapo awe nayo Verna.