Moja, Lenye Vyumba Vinne

Mimi ndiye niliyewapaka poda.
Majina yao mnayajua. Langu lilipita chini ya kioo
mbio, kama panya, kila Alhamisi saa mbili unusu,
na kabla halijafika Nanjala, mlishazima.

Wa kwanza Bwana Mwachofi. Paji pana, kavu,
poda ikimkaa kama vumbi juu ya kabati.
Alisoma maswali kama anayesoma wosia,
na washindi, watu wa Kaloleni, wa Jericho, wa Ngara,
waliondoka na pasi ya makaa, au blanketi,
wakipokea kwa mikono miwili.
Runinga ilikuwa nyeusi na nyeupe,
lakini tai yake, niwaambie, ilikuwa ya kijani.

Usiku mmoja akasimama Ndambuki, muuza nyama wa Burma,
shati limenyooshwa hadi linakata.
Swali la baiskeli: ng'ombe ana matumbo mangapi?
Akasema, "Moja. Lenye vyumba vinne."
Mwachofi akaitazama kadi. Kadi ilisema manne.
Kengele.
Nilimwona akitokea mlango wa nyuma
akitazama viganja vyake
kama anayewauliza mashahidi.

Barua ya kwanza ilifika baada ya wiki mbili.

Mwachofi alistaafu, akaja Rodha Kerubo,
na rangi zikaja mwaka huohuo;
nikanunua poda za aina tatu mtaa wa Biashara.
Huyu alicheka kwanza, akauliza baadaye.
Barua aliisoma mbele ya kioo, midomo nusu imepakwa:
"Baba huyu ana haki,
ila baiskeli ilishakwenda Kangundo na mtu mwingine."
Akaikunja, akaisukuma chini ya kopo langu.
Ilikaa hapo miaka kumi na mmoja, ikanukia maua.

Oriedo alitoka jasho.
Sijui niseme nini zaidi kumhusu Oriedo.
Aliruka, alipayuka, aligawa kredi za simu
kama mtu anayewarushia kuku mahindi,
nami nyuma ya pazia na taulo, kama kocha wa ndondi.
Barua hakusoma. Hata maswali hakusoma,
alinong'onezewa sikioni.
Watu walimpenda kuliko wote.

Na sasa Makena, aliyezaliwa baada ya baiskeli ile.
Hujipaka mwenyewe; mimi hushika kioo tu.
Siku moja akitafuta chaja kwenye droo
akakuta barua tisa, mwandiko mmoja
unaozidi kutetemeka.
Akapiga simu.

Ndipo Ndambuki akarudi, sikukuu ya kipindi,
shati jingine, mkunjo uleule.
Rodha alikuwapo, mvi kichwani; Oriedo alikuwapo, jasho;
Mwachofi picha tu, imewekewa shada.
Makena akauliza polepole, kwa heshima.
Ukumbi ukanyamaza hadi taa zikasikika.
"Moja. Lenye vyumba vinne."

Taa nyekundu.

Kumbe mashine ililishwa kadi za zamani
neno kwa neno, pamoja na makosa yake.
Watu wakampigia makofi ya huruma,
mabaya kuliko kengele.
Makena akainua mkono kusimamisha kamera,
lakini tulikuwa hewani, na matangazo ya sabuni yalikuwa yamelipiwa.
Ndambuki alicheka. Alicheka hadi akaishika meza.
Nilimfuata na poda, kwa mazoea tu;
akanisukuma mkono, "Njoo Jumamosi."

Nikaenda Burma, asubuhi, sakafu bado ina maji.
Alilipasua juu ya meza ya saruji, akasogea kando.
"Hesabu."
Nikaingiza mkono. Hapa taulo. Hapa sega.
Hapa kitabu, kurasa zimebanana.
Na kile cha mwisho, laini, ambacho sokoni
hakuna aliyenitajia jina lake.
Vidole hivi vilivyozoea nyuso
vilipita chumba hadi chumba,
visikute mlango uliofungwa.

"Moja," nikasema.
Akanifungia kilo mbili kwa gazeti
akazikataa pesa zangu.