Kitenzi Kirudi Nyuma Hatua Moja

Mwalimu Lagat aliandika kwa chaki ya buluu,
nyeupe zilikuwa zimekwisha tangu Jumanne.
Akatugeukia, vumbi la Kivumbini likiwa limemkalia kwenye nyusi,
akasema Kiingereza hakipokei maneno ya mtu yakiwa mabichi.
Ng'oeni alama za usemi kama misumari kwenye mbao kuukuu.
"Mimi" awe yeye. "Hapa" pawe pale.
"Kesho" iwe siku iliyofuata,
alama ya kuuliza ife, isizikwe na mtu,
na kitenzi kirudi nyuma hatua moja
kama mgeni aliyefungua mlango usio wake.

Mimi nilikuwa na zoezi jingine nyumbani.
Tangu karo ya kaka Osoro iishie kwenye injini ya pikipiki
ambayo haikuwaka hata siku moja,
baba na mama hawakuwa wakisemeshana.
Chumba kimoja, pazia moja la maua ya zambarau,
na mimi, Nyaboke wa darasa la sita,
nikivuka mpaka na maneno ya watu mdomoni.

"Mwambie baba yako unga umekwisha."
Hatua tatu.
Baba, mama amesema kwamba unga ulikuwa umekwisha.
"Ulikuwa? Kwa hiyo sasa upo?"
Akaendelea kusugua plagi kwa msasa.
Tulilala na chai.
Kosa lilikuwa langu, nililiona usiku huo tumbo likinguruma:
Mwalimu alisema ukweli wa daima haurudi nyuma.
Jua huchomoza mashariki.
Maji huteremka.
Kwetu unga huisha.

"Mwambie mama yako mimi si benki."
Mama, baba amesema kwamba yeye hakuwa benki.
Mama akacheka kwa pua.
Kicheko kile nilirudi nacho hadi kwenye pazia,
nikasimama, sikujua nikipitishe vipi,
hakikuwa na kiima wala yambwa.
Nikakimeza.

Kisha Alhamisi, mvua ikipiga mabati,
mama akashusha begi kutoka juu ya kabati.
"Mwambie nitakwenda zangu Nyamira kesho."

Nilikuwa na mtihani asubuhi. Nilitaka niipate sawasawa.
Baba, mama amesema kwamba
angekwenda zake Nyamira siku iliyofuata.

Msasa ukanyamaza.
"Angekwenda?"
Ndiyo, baba.
"Angekwenda, ila nini?"

Hilo halikuwa ubaoni.
Kwa Kiingereza kitenzi kilikuwa kimerudi hatua moja tu, kwa adabu,
kwa Kiswahili kimeingia *nge*
na kuacha mlango wazi, upepo unapita.

Mama, baba ameuliza ungekwenda, ila nini.

Alikuwa akikunja kanga ya kwenda kanisani.
Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena vilevile.
Nilinyoosha mkono nipokee jibu
kama ninavyopokea chenji dukani,
lakini alinipita kichwani kwa sauti yake yote:
"Ila hakuna aliyeniambia nisiende!"

Pazia halikutikisika.
Mvua ilisema yake.
Halafu upande wa pili, sauti yenye kutu,
sauti ambayo haikuwa imemwita mtu kwa wiki tano:
"Usiende."

Nikatoa daftari. Haya ndiyo mazoezi, nilijiambia.
Baba alimwamuru mama asiende.
Nikafuta. Hakuamuru, alikuwa ameshika msasa kama kofia mkononi.
Baba alimwomba mama asiende.
Nikafuta. Hakusema tafadhali.
Alimsihi. Alimshauri. Alimkataza.
Kifutio kikatoboa karatasi
na kupitia kwenye tundu niliona meza.

Asubuhi begi lilikuwa sakafuni bado,
zipu wazi, kanga moja ndani.
Kwenye jiko, masufuria mawili yakiongea.
Sikujua ni ya safari au ya chai.
Nilikimbia, nimechelewa.

Kwenye mtihani swali la saba lilikuwa hilohilo, la amri.
Niliacha nafasi katikati ya baba na mama,
nikaendelea na la nane.
Mwalimu Lagat akazungushia nafasi ile wino mwekundu,
akaandika pembeni:
Kitenzi kiko wapi?